Kitako cha Kopo

Katika soko la Ambohitsara palikuwa na wauza mchele, halafu palikuwa na Bakoly. Mchele wa kule hupimwa kwa kopo la maziwa lililokwisha kazi, kapoaka kwa lugha yao, na wauzaji wote walikuwa wamelipiga kopo nyundo kitakoni hadi likabonyea kwa ndani. Mteja aliliona limejaa mpaka mdomoni, akashukuru, akaenda kushangaa nyumbani mbele ya sufuria. Wenyewe hawakuita wizi. Waliita kurekebisha, neno safi la watu waliosoma. Kopo la Bakoly tu, alilorithi kwa mama yake, ndilo lililokuwa halijarekebishwa.

Tatizo likawa foleni. Wateja si wajinga. Walijipanga kwa Bakoly hadi kwa wauza nyanya, na meza nyingine zikabaki kufukuza nzi. Basi akafuatwa na mwenyekiti wa umoja wao, Madama Perline, mama mnene mwenye kofia ya ukili na sauti ya kuongozea kwaya. Alikuwa na zawadi imefungwa kwenye kitambaa.

"Mdogo wangu, sisi ni ndugu," alisema. "Tunazikana, tunaozana. Undugu ukivunjika utauunga kwa kitu gani? Kwa mchele?"

"Kwani nimemkosea nani, dada?"

"Wewe ukipima sawasawa unatusengenya bila kufungua mdomo. Kila ukimimina, mteja anasikia: wale wengine wezi."

"Mbona sijasema hivyo."

"Ndiyo ubaya wako. Ungesema, tungekujibu."

Ndani ya kitambaa mlikuwa na nyundo mpya. Bakoly aliitupia chini ya meza akaendelea kupima.

Haikupita wiki akaja Ramose Zefania, yaani Bwana Zefania, mkaguzi wa vipimo. Huyu alikuwa mtu wa haki: bahasha ya kahawa aliipokea meza kwa meza, bila kumbagua yeyote. Aliyakusanya makopo yote, akayajaribu, akakuta moja halilingani na wenzake.

"Hili limezidi, mama," alisema kwa huzuni.

"Ramose, hilo ndilo zima."

"Makopo ya soko zima yanakubaliana, lako peke yake linabisha. Sasa nani amekosea, soko zima au wewe? Nikirudi nilikute limelingana, la sivyo meza ina watu wanaoitaka."

Mpwa wa Perline alikuwa amesimama kando, anaitazama ile meza kama bibi harusi anayeoneshwa kitanda. Bakoly naye aliitazama. Mumewe alikwenda kusini kuchimba yakuti, na hakikurudi kitu, si yakuti si mume. Meza ile ndiyo iliyowalisha wanawe.

Jioni hiyo aliishika nyundo. Alipiga pigo moja tu, kopo likalia, akajiona kama aliyemzaba kofi mama yake.

Siku chache baadaye foleni ilikatika, na wenzake wakamsalimu kwa furaha, kama mtu aliyetoka hospitali. Alipojaribu kumwongezea mteja konzi ya mchele, Perline alimjia juu.

"Unahonga wateja, Bakoly. Rushwa hatutaki katika soko hili." Na alimaanisha.

Ulipoingia msimu wa baridi, msimu wa kuwageuza wafu, ikawa zamu ya marehemu baba yake Zefania kutolewa kaburini, avikwe hariri mpya na kuchezewa ngoma. Kununua mchele alikuja bibi mwenyewe, Neny Razanany, neny kwao ni mama, mzazi wa mkaguzi, huku mwanawe akimfuata nyuma. Umoja uliamua kila meza imuuzie sehemu, ili heshima isiende kwa mmoja.

"Wengine huleta kopo lao kutoka nyumbani," bibi aliwaambia, akihesabu wageni kwa vidole. "Mimi la nini? Makopo haya anayalinda mwanangu."

Wauzaji wote wakatazama bati za paa. Kumwongezea bibi kungekuwa kukiri mbele yake kwamba kopo ni pungufu. Zefania akageuka kuuliza bei ya nyanya. Ilipofika zamu yake, mkono wa Bakoly ulikwenda kwenye gunia kuchota konzi. Perline akakohoa. Mkono ukarudi mtupu, na Bakoly alimpimia mama wa watu mchele wa shughuli ya marehemu mumewe kwa kitako kilichobonyea.

Siku ya shughuli tarumbeta zililia, marehemu akarushwarushwa mabegani akiwa maridadi, nguruwe wakaiva kwa mafuta yao. Wali ukaisha nusu ya wageni wakiwa bado hawajagusa. Wapishi walikwangua masufuria hadi yakapiga kelele kuliko tarumbeta.

"Amemtoa baba yake kaburini aje kuona njaa," alinong'ona shangazi mmoja, kwa sauti ya kusikika.

Zefania aliwalaumu wapishi, akalaumu masufuria, akalaumu wageni kwa kuja. Wauza mchele waliketi mkeka mmoja, kila mmoja akijua wali umekwenda wapi. Ndipo Neny Razanany alipowajia na sahani yake mwenyewe, akamkabidhi Bakoly.

"Kula mwanangu, mimi nimeshiba. Sijui nimekosea wapi. Tangu usichana wangu nahesabia watu wali sijawahi kukosea. Labda ndiyo uzee."

Sahani ya msiba na heri haikataliwi. Bakoly alikula, na machozi yakawa ndiyo mchuzi.

Asubuhi alikwenda kwa bibi na kopo na nyundo. Alilipindua kopo mbele yake.

"Hukukosea, Neny. Ni hiki hapa. Na mimi nilikupimia nikijua."

Bibi alitia kidole katika lile bonde, akakizungusha taratibu.

"Mwanangu anajua?"

Bakoly aliinamisha kichwa.

"Basi piga," bibi alisema. "Lirudishe, nami nikisikia."

Alipiga kwa ndani hadi kitako kikanyooka. Kilibaki na makovu, lakini kilishika kipimo chake.

Zefania aliporudi sokoni aliligeuzageuza lile kopo muda mrefu, na watu wakadhani yaliyompata yamemfunza. Kumbe wapi. Alisema limezidi, na meza akampa mpwa wa Perline, kwa ajili ya undugu.

Bakoly alitandika gunia nje ya lango, chini, juani. Mteja wa kwanza alikuwa Neny Razanany, aliyesimama pale kwa makusudi mwanawe apite amwone. Baada yake walikuja wengi. Ndani ya soko nzi walirudi kazini.

Saa ya kufunga, Bakoly akikunja gunia lake, mama mmoja mnene alijongea, amejitanda shuka hadi machoni, kofia ya ukili kaificha kwapani.

"Nipimie. Nina wageni nyumbani."

"Kwani wako umeisha, dada?"

"Upo tele." Sauti ya kwaya ilikuwa imeshuka hadi ya sala. "Nipimie huo wako, kwa kopo lako."

Bakoly alimpimia, kopo baada ya kopo, mpaka mdomoni. Mwishoni akachota konzi nzima akaongeza.

"Hiyo ya nini?" aliuliza Perline.

"Rushwa," alisema Bakoly, akafunga mfuko.