Picha Imetulia

...na hapa napo kunanata, kila ninapoweka kiganja kunanata, sijui ni chai iliyomwagika au ni mafuta au ni kitu kilichokuwa hai, sitaki kujua, natafuta tu mwisho wa huu waya wa buluu nyuma ya boksi la kompyuta, na chini ya goti langu la kulia kuna kitu kinapondeka, punje punje, mavi ya panya hayo, Mungu wangu, mavi ya panya na nimevaa suruali ya kazini, na Baba huko juu kwenye kiti chake anasema, "Dada, umeupata? Uko upande wa kushoto," utadhani mimi ndiye nisiyejua kushoto, utadhani yeye ndiye aliyepiga magoti kwenye hili jalala, na Dada ndilo jina langu humu ndani tangu mdogo wangu alipoanza kusema, likawa jina la nyumba nzima, hata mzazi wangu ananiita dada yake... "Nimeupata, Baba, lakini skrubu zake zimeshika kutu." "Zungusha taratibu, usiuvunje, hazipatikani siku hizi." Hazipatikani, ndiyo, zitapatikana wapi, kompyuta yenyewe imenizidi mimi kuzeeka, rangi yake ilikuwa nyeupe sasa imekuwa ya meno ya mvuta sigara, inakoroma ikiwashwa, na ukimwambia akubali mpya anasema programu yake ya kuchorea ramani za nyumba haikai kwenye hayo madude yenu, basi, akae nalo, lakini na uchafu huu je, uchafu nao ni programu, nao hauhamishiki?

Nazungusha skrubu kwa ncha za vidole, sitaki kiganja kiguse, na jambo linaloniudhi ni kwamba mimi si mtu wa kinyaa, mimi ni muuguzi wa vidonda, kidonda cha mguu kinanuka mpaka wagonjwa wengine wanageukia ukutani, mimi nakifungua, nakiosha, naongea na mwenye nacho habari za wajukuu, na saa ya chakula nakula nashiba, lakini hapa, chini ya meza ya baba yangu mzazi, koo linapanda, nameza mate, yanarudi... ile monita ya zamani nilipoibeba dakika chache zilizopita, lile dude la chogo zito kama gunia la saruji, matundu yake yalinimwagia kifuani mayai ya mende, makavu, kama kunde, na nyuma yake akadondoka mjusi aliyekauka, bapa kama jani, akaniangukia kwenye kiatu, nikapiga kelele, na Baba akauliza nini, nikasema mjusi, akasema mjusi hana neno, hana neno, na sasa dude limekaa sakafuni karibu na mlango, limeipa dunia mgongo, halitaki tena kazi. Picha yake ilikuwa imekwisha kweli, yote zambarau, imesinyaa katikati kama shati lililofuliwa kwa maji moto, na mstari mmoja mweupe unapanda unashuka, unapanda unashuka, Baba anaipiga kibao ubavuni, inatulia kidogo, inaanza tena, na habari za ubovu wake sikuzisikia kwake, nilizisikia kwa jirani, alinisimamisha pale barabarani na kofia mkononi, akasema, "Dada, mzee ananiambia monita ikipona tu ananimalizia ramani yangu, ni mlango wa nyuma tu uhamie upande wa jiko, mafundi wangu wamekaa, sasa mwezi wa ngapi huu?" nikaona aibu, nikaenda kuomba hii nyembamba idara ya wagonjwa wa nje, walikuwa wanabadilisha zao, nikaipakata njia nzima kama mtoto, na nilipoingia nayo Baba hakufurahi hata kidogo, alisema "Aa, umeleta," hakuniangalia usoni, ameanza hiyo tabia ya kumwangalia mtu kwa ubavu, kichwa anakiinamisha upande kama kuku, kama mtu anayekudharau, nami nimetoka kazini, miguu inawaka moto, hata asante hakuna.

Akanikaribisha chai. Hilo nalo, heri asingenikaribisha, alimimina mbele yangu huku kidole chake cha shahada kimezama ndani ya kikombe, ndani kabisa, mpaka kwenye kiungo, na ukucha wake mrefu una weusi chini, chai ikapanda ikakifikia ndipo akaacha kumimina, akakipangusa kidole kwenye suruali, akanisogezea, kunywa mwanangu... na ukingoni mwa kikombe kuna maziwa ya zamani yaliyogandia, na yeye huyo akakata mkate, nikaona kijani, nikaona manyoya ya kijani juu ya mkate, nikasema "Baba, huo umeoza," akaupaka siagi, akala, akasema, "Nyinyi watu wa hospitali mna kinyaa sana," na siagi ikambaki kwenye ndevu, na shati lake kifuani lina ramani ya mchuzi wa tangu sijui lini, yeye, mtu aliyekuwa akitufukuza mezani tukiwa na kucha chafu, aliyekuwa anakwenda kazini na penseli zimechongwa zimepangwa mfukoni kama mabomba ya kinanda... nikajua moja kwa moja, huu si uzee, huu ni ubwana, huu ni uvivu wa mwanamume aliyeoshewa maisha yake yote, aliyekuwa anaosha amekufa, sasa anakaa juu ya taka anangoja mwanamke mwingine aje, na mwanamke mwingine ndiye mimi, nimekuja, niko chini ya meza.

Skrubu moja imeachia. Bado moja... "Vipi huko?" "Vema." Vema gani, utando wa buibui umenishika kope, napuliza, na siwezi kukaa mahali hapa bila kukikumbuka kile kigoda, si ndicho hiki hapa, mguu wake huu mbele ya pua yangu, kigoda cha Mama, kando ya kiti cha Baba, kila jioni baada ya kuosha vyombo anakuja kukaa hapa, na mimi chumba cha pili na vitabu vyangu vya mtihani namsikia Baba kupitia ukutani, "Kushoto. Kushoto tena. Rudi. Ngapi hapo?" na Mama kwa sauti ya chini, "Mbili na nusu," "Sogeza," "Nimesogeza," "Futa huo," saa nzima, amri juu ya amri, mwanamke aliyesimama tangu alfajiri, chai yake inapoa, nilikuwa nauma penseli kwa hasira, nikaapa siolewi na mwanamume mwenye sauti kama ile, na siku moja nikamwuliza Mama jikoni, kwa nini unakubali kutumwa kama karani asiye na mshahara, akacheka, mikono yake ina povu, akasema, "Mwache baba yako, ana mambo yake," ana mambo yake!... na siku tuliyomzika, hiyo ndiyo siku iliyonitosha, watu hawajaisha uani, masufuria ya majirani bado yako nje, Baba akasimama mlangoni mwa chumba hiki, akakishika kigoda, akasema mbele ya shangazi zangu, "Sasa nani atakaa hapa?" Udongo haujakauka. Sasa nani atakaa hapa. Shangazi mmoja akaangalia chini, mimi nikatoka, nikatapika nyuma ya tangi la maji, kweli nilitapika, na tangu hapo nikija huku naja kama mtu anayekwenda kusaini zamu, naingia, natoka, nanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

Imeachia, haya, imeachia, waya wa zamani huo nautupa pembeni na kichwa cha buluu cha waya mpya nakichomeka mahali pake, kina visindano vyembamba, ukikilazimisha vinapinda, taratibu, taratibu, kimeingia, nakaza, bado umeme tu, na ekstensheni nayo ni ya kutisha, tundu moja limeungua jeusi, limebonyea, jingine limejaa vumbi limekuwa kama sufi, nalipuliza, vumbi linanirudia mdomoni, na plagi iko mkononi mwangu, sijaichomeka, nalitazama tundu nikijiuliza kama litaniua, na hapo juu nasikia Baba anapapasa monita mpya, vidole vyake vinapita ukingoni, tap, tap, kiti kinalia, anasogea mbele, kisha anasema, kwa furaha, kwa ile sauti yake ya kazini, "Naam! Hapo sasa! Picha imetulia kabisa, angalia mistari ilivyonyooka!"

Nini? Ananitania. Si mtu wa utani. Naitazama plagi, iko mkononi mwangu, meno yake matatu nje, mkia wake unakwenda juu kwenye monita, hakuna kilichochomekwa, natoa kichwa nje ya meza, naiona skrini, nyeusi tii, na uso wa Baba uko karibu nayo kiasi cha pua kugusa, umeinama upande, anatikisa kichwa, anatabasamu, narudisha kichwa chini haraka, najificha, kwa nini najificha, namkwepa nani... "Mistari ya nini, Baba?" "Ya ramani, ya nini tena. Ya nyumba ya jirani." "Baba." "Naam." "Sijaiwasha. Plagi ninayo mkononi."

Kiti kinalia, anarudi nyuma. Na mimi, muuguzi, ninayemwambia kila mwanafunzi anayeletwa wodini kwetu tazama mgonjwa kabla hujatazama kidonda, nimekaa humu na taka zake nimezipanga kichwani moja moja kama ushahidi wa mashtaka, na sasa zinageuka, moja moja, zinanigeukia, kidole ndani ya kikombe, kinapima, chai ikikifikia anaacha, ndivyo wanavyofanya wagonjwa wote wasioona, mara ngapi nimewafundisha mimi mwenyewe, na mkate, na shati, na kuniangalia kwa ubavu, hakuwa ananidharau, anatafuta pembeni mahali ambapo bado pana mwanga kidogo, wa kutosha kuniona mimi kama kivuli... na kinyaa bado kipo, kimejaa kifuani hadi juu, hakijapungua hata chembe, ila hakina tena pa kutua, kinazunguka, kinatafuta mtu, "Tangu lini?" nauliza kwa sauti ya kazini, maana sauti nyingine sina. "Mama yako alikuwa hajaanza kuugua." "Na ramani je?" Anakohoa. "Alikuwa anachora yeye." "Mama?" "Mwanzo nilikuwa namwambia, sogeza hapa, futa pale, na yeye ananisomea vipimo. Mwisho mwisho wala hakunihitaji. Ananiambia, nyamaza kwanza, hiyo ngazi uliyoisema itamwua mtu." Na anacheka, kicheko kidogo, kinakatika. "Ya jirani alibakiza mlango."

Alibakiza mlango... Kushoto, kushoto tena, rudi, ngapi hapo, mbili na nusu, saa nzima kupitia ukutani, na nilichokuwa nasikia ni Mama anajifunza kazi, ni mtu anakabidhi macho yake na mwingine anayapokea, na wote wawili wananyamaza, hawatuambii, Mama ana povu mikononi, ananicheka usoni, mwache baba yako ana mambo yake, na alijua, aliondoka na siri hiyo... na sasa nani atakaa hapa haikuwa amri, lilikuwa swali, mtu anauliza kweli, nani, na sisi wote tukaangalia chini, na kumbe tangu siku hiyo ile monita mbovu ndiyo iliyokuwa imemficha, monita ikipona nitamalizia, monita ikipona, alikuwa anaiombea isipone, na mimi nimekuja na mpya, nimeipakata njia nzima, nimekuja kumvua nguo mbele za watu, nikataka na asante...

"Mzee!" Ni jirani, sauti inapita juu ya ukuta wa ua, inaingia dirishani, ya mtu mchangamfu, mtu aliyengoja akachoka akarudi kuwa mchangamfu. "Mzee, nimemwona Dada na monita! Vipi, imepona?" Magoti ya Baba mbele yangu yamebanana kama ya mtoto aliyeitwa na mwalimu, anangoja mdomo wangu, na mimi natafuta ndani yangu lile neno nililokuja nalo, lile la kumwaibisha, lilikuwepo, nilikuwa nalo tangu asubuhi, "Bado, jirani," nasema kutoka chini ya meza, kwa nguvu asikie, "bado kabisa. Usiwaweke mafundi. Nikimaliza hapa nakuja kwako mwenyewe tuongee." "Haya, Dada," na hatua zake zinakwenda, na Baba anashusha pumzi, ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia, hasemi asante, hajui pa kuielekeza, anasema tu, "Toka huko chini, mwanangu, utachafuka," nami naitikia, natoka, Baba, natoka sasa hivi, lakini sitoki, nimekaa palepale na plagi yangu mkononi, vumbi mdomoni, na sioni haraka yoyote ya kunawa.