Chumvi ya Kifungu cha Sita

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, karani wa masjala ya zahanati aligeuza kibodi yake kichwa chini, akaigongagonga juu ya gazeti, ikatoka chumvi ya kujaza kijiko cha chai. Ilikuwa nyeupe, kavu, imesagika vizuri. Aliifunga kwenye karatasi akampelekea nesi wa chumba cha pili, kwa sababu wagonjwa wa koo walikuwa wengi wiki hiyo na maji ya kusukutua yalihitaji chumvi.

"Leo imetoka kidogo," nesi alisema.

"Watu bado hawajaja, dada. Hutoka nikiandika majina."

Barua ya adhabu ilikuwa imefika siku tisa kabla. Jioni na mwisho wa wiki, karani huyu alikuwa mwanachama wa jumuiya inayotengeneza programu huria ya kupanga orodha za majina. Programu ya bure, ambayo yeyote anaweza kuichukua, kuitumia na kuirekebisha. Miaka minne nyuma programu hiyo ilikuwa ikikataa kila jina lenye ng', kwa sababu tu ya ile ritifaa, alama ndogo inayokaa juu baada ya g. Ilimwambia mtu mzima, kwa maandishi mekundu, kwamba jina lake si sahihi. Karani alikaa miezi mitano akaandika upya sehemu nzima ya kupanga majina, na tangu hapo hakuna aliyeambiwa jina lake ni kosa. Kwenye orodha ya waandishi jina lake likawekwa nafasi ya kumi na saba. Wenzake wakambandika jina la utani, Ritifaa, naye akalipokea kifua mbele.

Balaa lilianza kwa wema. Mwanachama mpya, msemaji wa Kiswahili, aliandika kwenye ukumbi wa jumuiya kwamba kazi ya mwanzilishi wa programu ni ya enzi za mababu, itupwe. Ritifaa akamjibu: "Mheshimu mzee wetu, ndugu yangu. Amekula chumvi nyingi." Kamati ya maadili haikujua Kiswahili, ila ilikuwa na mashine ya kutafsiri, na mashine ikawaambia kwamba mwanzilishi anatuhumiwa kula chumvi kupita kiasi. Kifungu cha sita kinakataza kuzungumzia afya au ulaji wa mwanachama mwenzako. Wakamfungia mwaka mzima na kufuta jina lake kwenye orodha. Angeweza kurudi mapema, barua ilisema, kwa kutia saini fomu ya kukiri kwamba alimtukana mwanzilishi.

Kesho yake chumvi ikaanza. Ilitoka kwenye kila kibodi ambako ile sehemu yake ilitumika: shule, maktaba, ofisi za bandari, nchi thelathini na moja. Kamati ilidhani taarifa za mwanzo zimetiwa chumvi, mpaka mwenyekiti alipogeuza kibodi yake mwenyewe. Wakakaa kikao, wakaongeza kifungu cha ishirini na mbili: kila mwanachama afagie chumvi yake, na asijadili ilikotoka.

Watu walijadili vilevile. Yule mwanachama mpya alijitokeza mwenyewe, akaeleza kwa kurasa mbili kwamba aliyekula chumvi nyingi ni mtu aliyeishi miaka mingi, na kwamba aliyekosa adabu ni yeye, si Ritifaa. Mwanzilishi naye aliandika kutoka huko aliko: "Nina miaka sabini na minane. Chumvi nimeila kweli. Sijatukanwa." Kamati ilimshukuru, ikamkumbusha kwamba aliyetukanwa haruhusiwi kuingilia kesi.

Alhamisi mchana mwenyekiti alimpigia Ritifaa simu kazini.

"Sasa tumeelewa," alisema. "Ulikuwa unamsifu."

"Basi rudisheni jina langu."

"Kanuni zina kifungu cha kuondoa jina. Cha kurudisha hazina. Njia ni ile fomu tu. Tia saini leo, kesho asubuhi umerudi."

"Nikiri kwamba nilimtukana mzee?"

"Ni utaratibu tu."

"Sikumtukana," Ritifaa alisema, akakata simu, kwa sababu dirishani kulikuwa na foleni.

Mtu asidhani haikumuuma. Aliifungua ile fomu mara tatu wiki hiyo, na jina lake kwenye orodha alilitaka kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Lakini kichwa kigumu alikirithi kwa mama yake, na cha mama yake kinajulikana mtaa mzima.

Toleo jipya la programu lilitoka mwisho wa mwezi, pamoja na maelekezo ya kufagia. Sehemu yake ilikuwa ndani, haikuguswa hata nukta. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, alimsomea mama yake orodha ya waandishi. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Mbona umejiruka?"

"Simo, mama."

"Na yule mzee mwenye mradi? Naye sijamsikia."

Hakuwamo. Mwanzilishi alikuwa ameomba jina lake liondolewe, likaondolewa siku hiyohiyo, maana kifungu kilikuwepo. Nafasi ya kwanza ilikuwa wazi, na ya kumi na saba wazi vilevile.

Ritifaa alilia, kwa fahari zaidi kuliko uchungu. Mama alimwacha amalize, kisha akauliza kama saini ametia.

"Sijatia. Na sitii."

Mama akachukua simu, akampigia shangazi, akasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu:

"Wifi, hebu kaa chini nikupe habari. Mtoto wetu kafutwa, na kagoma!"