Nazi za Harusi ya Asmahani

Kabla hajakaribishwa hata maji, Zubeiri alikabidhiwa punda.

"Anaitwa Bwana Shauri," alisema shangazi yake, Bi Mwanamkasi, akimtia kamba mkononi. "Kila aombwalo hulikataa. Hapa kwangu mgeni hupewa mnyama wake, mwanangu. Mnyama akishashiba, ndipo mgeni naye hula."

Zubeiri, fundi cherehani aliyevisha nusu ya wanaume wa Tanga, alivitazama viatu vyake vilivyong'arishwa, kisha akamtazama punda. Punda naye alimtazama kama afisa aliyekwisha kukata kauli.

Yeye na binti zake wawili walikuwa wametoka mjini alfajiri, wakauvuka mto Pangani kwa pantoni, wakaja Ushongo kuchukua nazi za harusi ya Asmahani, mtoto wa marehemu kaka yake. Ndoa ilikuwa kesho baada ya alasiri, na Zubeiri ndiye walii wa kumwozesha. Mabinti aliwaleta makusudi. Mastura, aliyemaliza shule mwaka ule, alikuwa na tabia ya kuuliza maswali. Mdogo wake Mboni alikuwa na tabia ya kuyajibu. Baba yao alitumaini shamba lingewatia adabu.

Ilipofika jioni, Mastura alikuwa amekwisha kumkamua ng'ombe wake, na Mboni alipita uani akifuatwa na mabata bukini kama bibi harusi na wapambe wake. Baba yao bado alikuwa anambembeleza Bwana Shauri aende kunywa maji.

"Msukume, mwanangu!" shangazi alipaza sauti kutoka jikoni. "Usimpose, msukume!"

Zubeiri akazunguka nyuma kumsukuma. Teke lilimpata goti la kushoto.

Asubuhi goti lilikuwa limevimba kama fenesi changa ndani ya majani ya mbono aliyofungwa na shangazi. Nazi zilipakiwa. Zubeiri alijivuta hadi kwenye usukani wa gari lake kuukuu, gari alilolionea wivu hata asipende mtu aliegemee, akakanyaga klachi. Machozi yakamtoka.

"Baba," alisema Mastura, "mimi naweza."

"Unaweza nini?"

"Kuendesha."

"Nani kakufundisha?"

"Wewe. Kila safari nakaa ubavuni pako, naitazama miguu yako."

"Na ukikosea huwa unasema kwa sauti," Mboni aliongeza, "kwa hiyo hata makosa tunayajua."

Njia nyingine haikuwapo. Kuku wa Bi Mwanamkasi walitawanyika, kitalu cha mchicha kikapata hasara, kisha gari likaishika barabara. Zubeiri alishika mlango kwa mkono mmoja na kofia kwa mkono mwingine, huku midomo ikimcheza kwa dua. Walipokuwa mbali upande wa pili wa mto, alitanabahi kuwa kofia ameiweka pajani na dua ameisahau.

Lakini kadiri mji ulivyokaribia ndivyo alivyoziona baraza zote za Tanga machoni pake, wanaume wamekaa, vikombe vya kahawa vimekwama hewani. Walipofika Tongoni akasema, "Simama. Siwezi kuingia mjini naendeshwa na mtoto wa kike, siku kama ya leo."

Mastura alisimama. Mikono yake ilichelewa kuuacha usukani.

Dereva aliyepatikana aliitwa Uweso, mtu mzima, aliyejigamba kuwa aliendesha malori ya jeshi huko Burma wakati wa vita. Alikaa, akatia gia. Gia ililia kama mbuzi aliyeona kisu. Gari likaruka, likazimika, na nazi zikabingirika hadi visogoni mwa mabinti. Akajaribu tena, na tena.

"Gari lako bovu, bwana," Uweso alisema, akijifuta jasho.

Kifua cha Zubeiri kilipata moto. "Gari langu zima! Limetoka Ushongo mpaka hapa bila hata kukohoa!"

Aliyasikia maneno yake mwenyewe. Kwenye kiti cha nyuma, Mboni alifumbua mdomo, Mastura akamfinya.

"Ahsante, bwana. Shuka," alisema Zubeiri kwa sauti ya chini. "Mastura!"

"Abee, baba."

"Njoo mbele. Na ufanye haraka, tutachelewa."

Mbele ya msikiti mazungumzo yalikatika. Zubeiri alishuka akiegemea tawi la mpera alilolifanya mkongojo, akaingia akichechemea, akaketi na kuunyosha mguu wake.

Baba wa bwana harusi alimwinamia. "Yule si binti yako?"

"Ndiye."

Sheikh alianza. Zubeiri alikuwa amekwisha kuushika mkono wa bwana harusi, lori lilipopiga honi nje: gari lake lilikuwa limeziba njia. Injini ikawaka. Vichwa vyote viligeukia dirishani. Sheikh mwenyewe akanyamaza.

Zubeiri hakugeuka. Alitega sikio tu, mkono wa kijana wa watu umebanwa mkononi mwake. Gari lilirudi nyuma polepole, likatua. Kisha gia ikaingia, laini, bila mlio.

"Naam, sheikh," alisema. "Tuendelee."