Uzi Uliokataa Kung'aa

Kazi ya mume wangu ni kuogesha uzi. Kiwandani kwao uzi wa pamba hukazwa kwenye fremu, ukatumbukizwa ndani ya kostiki, dawa kali inayobabua ngozi, na ukitoka unang'aa na haukatiki ovyo. Tangu ajue hilo, mimi fundi cherehani ndiye wa kufundishwa namna ya kutunga uzi kwenye sindano.

Mwaka huu aliutaka ukuu wa idara. Kwa ajili hiyo alilitaka pia beseni langu kubwa, na chumba anacholala mama yangu.

"Pale patakuwa maabara yangu," aliniambia. "Mama si anarudi kwa kaka yako Ijumaa?"

Mama hakuwa amesema anarudi popote. Kwa kaka yangu analala sebuleni, na wifi anamnunia toka asubuhi. Roho iliniuma.

Meneja wa kiwanda, mtu wa mwili, alikuwa ameniletea kitambaa nimshonee suruali. Suruali zake zote hupasuka nyuma akiinama. Mume wangu akaamua hii ishonwe kwa uzi atakaouogesha mwenyewe nyumbani, ili bosi aone mng'ao. Akatayarisha beseni la kostiki, akautega uzi kwenye fremu ndogo aliyotoka nayo kazini, akakaza skrubu mpaka uzi ukalia.

"Mama, tumbukiza, subiri kidogo, kisha suuza vizuri. Na tafadhali, usiharibu." Akaenda kwa kinyozi.

Mama akavaa glavu za mpira, akautazama uzi. "Huu utakatika," akasema, "na ukikatika, nitaambiwa nimeukata mimi." Akalegeza skrubu mpaka uzi ukaning'inia, ndipo akautumbukiza. Niliona yote. Sikusema kitu, maana aliyeambiwa asiharibu si mimi.

Mume wangu aliporudi, uzi ulikuwa umejikunja, mfupi, mnene, umefifia. Kilichong'aa saa ile ni kichwa chake tu. Alifoka, akautupa kwenye kikapu changu, akaogesha mwingine kwa mkono wake. Huo uling'aa kweli, ila haukutosha. Mshono wa nyuma, ambao hufunikwa na koti, niliushona kwa uzi wa Mama.

Meneja akaivaa kazini. Kalamu ikamdondoka mbele ya watu, akainama, na wafanyakazi wakageuza nyuso kwa mazoea. Kimya. Akainama tena, makusudi. Mshono ulivutika naye, ukarudi naye.

"Uzi wa huku nyuma umeutengenezaje?" akamuuliza mume wangu.

"Ni utafiti wangu, bosi."

"Niletee mwingine Ijumaa, na idara ni yako."

Basi mume wangu akaogesha, akakaza. Uzi uling'aa ajabu. Nikamshonea suruali yake mwenyewe ya kwanza kwa majaribio, akainama, ikapasuka. Akakaza zaidi. Ya pili ikapasuka. Ya tatu haikungoja hata ainame vizuri. Mimi nilishona tu, nacheka na cherehani yangu, huku chumbani Mama anakunja nguo zake.

Alhamisi jioni alikipekua kikapu changu, akakuta uzi wa Mama haumo, akaja kwangu amejifunga taulo. "Mke wangu, ule uzi mbovu mliufanya nini?"

"Muulize Mama."

Akabisha hodi. Chumba kile alikuwa hajawahi kukibishia hodi.

"Nilijua nimeuharibu, baba," Mama akasema, huku akifunga zipu ya begi. "Ndiyo maana naondoka, nisije nikaharibu na kingine."

"Lakini uliuharibuje, Mama?"

"Nitakuonyesha siku nikija tena. Basi langu ni la alfajiri."

Mama yangu huyu! Na mimi nilidhani nitamtetea.  Mume wangu akainama taratibu, mkono mmoja umeshika taulo, akafungua begi na kuanza kuzirudisha nguo kabatini, moja moja.

Mama akamwacha amalize zote, hadi kitambaa cha mwisho.

"Haya," akasema. "Kavae suruali, uje nikufundishe kuharibu."