Kivuli cha Kijani

…na hata kwenye baridi hii ya Februari inayomfanya mtu aogope kumeza mate, Rosaire aliushika ubao aliouchora shemeji yake, Léonce, kwa kingo tu, vidole viwili huku na viwili huku, kama mtu anavyoshika sahani iliyotoka jikoni, rangi yake bado mbichi, inang'aa kama siagi, na mbele yake, juu ya theluji, sanduku la kubebea picha mbichi lilikuwa wazi, mifereji yake mitatu ya kutelezeshea picha ikimngoja, wa kwanza, wa kati, na ule wa mwisho wenye kibanzi, kibanzi kile anachokijua yeye peke yake kwa kuwa sanduku ni lake, kibanzi kilichomkwaruzia mbingu nzima ya picha yake majira ya kwanza ya theluji, pembe hadi pembe, akasema atakipiga msasa, akasahau, alisahau kweli, Mungu shahidi, mpaka sasa hivi alipokikumbuka, na alipokikumbuka kitu kikaruka kifuani mwake kama paka aliyesikia kopo la maziwa likifunguliwa… ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua, unautelezesha ubao, unasikia kwaruu, unasema, masikini, Léonce, hebu ona balaa hili, na nani angesema neno, picha mbichi hupata ajali kila siku, nusu ya picha nzuri za duniani pengine zilifia sandukuni.

"Shemeji!" Léonce aliita kutoka kwenye uzio, alikokuwa amesimama na mwenye shamba, Mama Imelda, mjane aliyewateremshia kahawa kwenye chupa iliyovikwa soksi. "Umeganda huko?"

"Napanga," Rosaire alijibu bila kugeuka, naye Mama Imelda akasema huyo shemeji yako leo kaduwaa kama sanamu ya Mtakatifu Yosefu, mnamlisha kweli, na Léonce akacheka kile kicheko chake cha kujaza bonde, "Mwache, mama, akiwa na sanduku lake ukimharakisha ananuna kama padri aliyekatizwa misa," wakacheka wote wawili, na Rosaire alifikiri, mnamlisha, nani anamlisha nani, aliyemfundisha huyo mtu kukaza turubai la kuchorea ni nani, aliyemwonyesha kwamba theluji si nyeupe hata siku moja ni nani, walianza pamoja, kweli, vijana wawili, wiki nzima wakiandika mabango ya maduka huko Baie-Saint-Paul, nyama, viatu, kinyozi, na Jumapili baada ya misa wakipanda vilimani na masanduku mgongoni, lakini aliyetangulia kuona alikuwa yeye, Rosaire, Léonce alikuja kwa ajili ya matembezi na chupa ya mvinyo, na kwa ajili ya Alma, tuseme ukweli, alikuja kwa ajili ya dada yake Rosaire, akampata, akaoa, kisha siku moja akaanza kuchora vizuri, hivi hivi, kama mtu anavyopata mafua… na ndipo mashine ya kupasulia mbao ilipomla vidole viwili vya mkono wa kushoto, na watu wakasema basi, Léonce kwisha, na Rosaire alilia siku ile, alilia machozi ya kweli hospitalini, ila chini ya machozi, chini kabisa, pale ambapo hata kwenye kitubio hapafiki, palikuwa na sauti ndogo ikisema, sasa. Lakini Léonce anachora kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto alihitaji tu kwa mambo madogo, kama kushika kingo za ubao mbichi usichafuke, na kwa hiyo tangu hapo anayepanga picha za wote wawili sandukuni ni Rosaire, hawakuwahi kukubaliana, ilitokea tu, Léonce anamaliza, anarudi nyuma, anaziba jicho moja, anasema haya, na kuondoka zake kutafuta mtu wa kuzungumza naye, bila kutazama nyuma, kama mama anayemwacha mtoto kwa bibi yake. Hilo pia lilimuudhi. Kuaminiwa namna hiyo, bila hata kuulizwa.

Na leo katika siku zote… leo mchana Bwana Desrosiers anakula supu ya njegere mezani kwa Alma, yule mtu wa Montreal mwenye ukumbi wa picha, mwenye glavu za ngozi laini na viatu visivyojua theluji, aliyesema ana ukuta mmoja wazi kwa majira ya kuchipua na anataka mchoraji mmoja wa vilima hivi, mmoja, akasema msinionyeshe vya zamani, nileteeni kilichochorwa asubuhi ileile, kikiwa kibichi, hapo ndipo ninapomjua mtu, na Rosaire alielewa mara moja kwa nini anasema hivyo, kwa sababu alipopita mwishoni mwa kiangazi aliitazama karakana nzima ya Rosaire, mikono nyuma, akasema, "Kazi safi," halafu mlango wa pili, kwa Léonce, hakusema kitu, akavuta kiti akaketi. Kazi safi! Hivyo ndivyo unavyomwambia mtu aliyepiga deki. Alirudi nalo nyumbani neno hilo, akala nalo, akalala nalo, asubuhi akalikuta limeamka kabla yake, kazi safi, kazi safi, akawa kila anapoosha brashi analisikia, na alipokwenda kwa Alma Jumapili kula pai ya nyama aliona ile picha yake ya daraja, aliyowapa siku ya harusi, imetolewa juu ya jiko na kupelekwa kwenye ujia, karibu na makoti, na juu ya jiko pamekaa kichaka cha Léonce, kichaka tu na theluji, na Alma, dada yake wa kuzaliwa, mtu aliyekuwa akimbebea sanduku la rangi wakiwa wadogo na kumwambia kila mtu kaka yangu atakuwa mchoraji, alisema, "Kaka, usinitazame hivyo, ni moshi tu, moshi ungeiharibu yako," na ya Léonce je, hiyo haina pua, haivuti moshi? Alikula pai. Ilikuwa tamu, hilo nalo lilimkera.

"…na nyumba yangu umeiacha tena," Mama Imelda alikuwa akisema kule nyuma, "unachora kilima, unachora ghala, ukifika kwangu unaruka, kwani nyumba yangu ina ukoma?" na Léonce, "Nyumba yako nzuri mno, mama, nikiichora ikaenda Montreal haitataka tena kukaa na wewe," na mama, "Mwongo mkubwa, kunywa kahawa yako," na Rosaire aliuinua ubao kidogo ili autazame, kwa mara ya mwisho, alijiambia, na maneno hayo mara ya mwisho yakamtisha, kwa hiyo alikuwa ameshaamua? hakuwa ameamua chochote, alikuwa anatazama tu, mtu haruhusiwi kutazama? na ubao ulikuwa, Mungu amsaidie, ulikuwa mzuri. Kilima kimelala kama ng'ombe aliyeshiba, mbingu ya rangi ya mtindi, mto mkubwa kwa mbali na mapande yake ya barafu, na juu ya theluji ya mteremko, kutoka ghalani hadi chini ya ukingo wa picha, kile kivuli. Kivuli cha kijani. Kijani cha chupa, cha maji mazito, kisicho na haki yoyote ya kuwa pale, na bado bila hicho picha nzima ingekuwa ya kalenda tu, kilikuwa kinafanya theluji ionekane ya moto, kilikuwa kinaimba, na huwezi kukirekebisha, ndiyo sheria yao tangu ujana, kilichochorwa nje hakiguswi ndani, asubuhi ilichokupa ndicho hicho, kikikwaruzwa kimekwaruzwa, Léonce hatapaka tena, angecheka, angesema bahati ya mvuvi, angempa Desrosiers supu na mikono mitupu, na ubao pekee wa asubuhi hii mezani ungekuwa wa Rosaire. Mfereji wa tatu. Kibanzi kilionekana, hata bila kuinama, kidogo kama jino la panya.

Alianza kuinama… na akasita, si kwa wema, wema haukuwa umefika bado, alisita kwa sababu ya kijani kile, alitaka kujua mwizi huyu amekiona wapi, mtu anasimama hatua chache kutoka kwako asubuhi nzima, kilima kilekile, jua lilelile, anaona kijani, na wewe je, kwa hiyo akainua macho juu ya ukingo wa ubao, akatazama mteremko wenyewe, kutoka ghalani kushuka. Zambarau. Kivuli kilikuwa cha zambarau, zambarau safi ya kuelekea buluu, kama tumbo la ua la porini, hakuna kijani hata chembe, akafikiri labda jua limehama, vivuli hubadilika, akatazama kivuli cha uzio, zambarau, kivuli cha Mama Imelda na chupa yake, zambarau, kivuli chake mwenyewe miguuni, na alijua, kwa sababu jicho lake lilikuwa limefundishwa mapema kuliko la Léonce, kwamba asubuhi ya wazi kama hii kivuli kimekuwa zambarau tangu walipofungua masanduku. Basi Léonce hakukiona kijani. Alikitoa wapi?

Na hapo akakumbuka, kwa sababu hakuwa amesahau, alikuwa ameweka pembeni tu. Asubuhi, walipokuwa wakikanyagakanyaga theluji kupata pa kusimamisha stendi, Léonce alijipapasa ndani ya makoti yake, kwa kuwa wakati wa baridi hii tyubu za rangi hukaa kifuani, la sivyo zinakuwa mawe, akajipapasa huku na huku akasema, "Lo, shemeji, buluu nimeiacha juu ya meza, Alma ataipikia supu," akacheka, na Rosaire alikuwa na buluu, tyubu nzima, mpya, ilikuwa imelala juu ya mbavu zake za kushoto, akaihisi pale, akainama kufunga kamba ya kiatu iliyokwisha fungwa. Hakusema uongo. Léonce hakuomba. Ilikuwa ni kamba ya kiatu tu. Halafu Léonce akapiga mluzi, akafinya kijani, akafinya nyekundu kidogo, akafanya alichoweza na alichokuwa nacho, kivuli chake kikawa cha mtu aliyekosa buluu, na hivyo ndivyo kilivyozaliwa kitu kile kinachoimba, kwa ajili ya kamba ya kiatu… na Rosaire, polepole, kama mtu anayejua mlango fulani haupaswi kufunguliwa na mkono tayari uko kwenye kitasa, akageuza kichwa kutazama ubao wake mwenyewe, uliokuwa bado kwenye stendi ukisubiri zamu yake.

Kijani. Kivuli chake nacho kilikuwa cha kijani, kutoka ghalani kushuka, kijani kilekile, ila hakiimbi, kilikaa pale kama mgeni asiyejua amealikwa na nani, na tyubu ya buluu ilikuwa kifuani, kizibo hakijafunguliwa, ina joto la mwili wake, asubuhi nzima alikuwa na zambarau ya kilima mbele yake na buluu ya kuichorea ubavuni, na hakuona, kwa sababu hakuwa akitazama kilima, alikuwa akitazama mkono wa Léonce. Leo tu? Ile picha ya majira ya majani mekundu, je, ile ya mto ulipovunjika barafu, alizipitisha moja moja mbele ya macho yake, na katika kila moja alimkuta amesimama huyu mtu, bega lake, kofia yake ya sufu, upande wa kushoto ambako jicho huponyokea, tangu lini, Bwana wangu, tangu lini sijatazama kilima, kazi safi, ndiyo, safi, kama sahani iliyolambwa na mwingine, na wivu ukamshika sasa kwa nguvu kuliko zote za asubuhi, lakini haukuwa tena wa kumwonea Léonce, ulikuwa wa kumwonea kijana fulani aliyepanda huku baada ya misa, mguu mmoja umezama kwenye theluji, akampigia kelele mwenzake, njoo uone, si nyeupe, njoo uone, si nyeupe hata kidogo.

"Shemeji! Supu inapoa, na dada yako unamjua!"

"Subiri kidogo," alisema Rosaire, na ubao wa Léonce ulikuwa bado mikononi mwake, kingo tu, vidole viwili huku na viwili huku, jua lilikuwa palepale au karibu na pale, Mama Imelda alikuwa bado akidai nyumba yake, hakuna kilichohama. Aliinama akautelezesha ubao kwenye mfereji wa kwanza, taratibu, mpaka ukagota chini bila kugusa kitu, kisha akasimama, hakuugusa wa kwake, hakutazama kushoto, akaingiza mkono ndani ya koti, akaitoa ile tyubu, akaishika ngumini bila kuifungua, na kutazama kilima.