Neno la Pili la Kiapo

Mama alikataa kushuka kwenye gari.

Tulikuwa tumepaki nje ya jumba la kiapo cha uraia, Saint Paul, saa tatu na nusu asubuhi, na watu walikuwa wanapita mbele yetu wamependeza kama siku ya Idi. Mama alikuwa amevaa buibui lake jipya, lile lenye uzi wa dhahabu mikononi, na mkanda wa gari bado umemkaba kifuani.

"Nirudishe nyumbani Hopkins, Salwa."

"Mama! Barua imesema ukikosa mara ya pili faili linafungwa."

"Barua nimeisoma."

Mara ya kwanza alisema kichwa kinamuuma, na mimi nikaamini. Lakini safari hii nilikuwa nimemsikia wiki nzima jikoni, anasukuma chapati huku anajifunza kiapo kwa Kiingereza chake cha polepole, na kila akifika neno la pili analiruka. *I... declare. I... declare.* Hapo katikati palikuwa na shimo, na shimo lenyewe linaitwa *hereby*, yaani 'kwa tamko hili'.

"Mwalimu wa darasa la uraia alitueleza," Mama akasema, macho kwenye kioo cha mbele. "Ukilitamka hilo, basi. Si kwamba utafanya. Imeshakuwa."

Ndipo nikaelewa.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili Mama alipoachwa. Baba yangu, Shee, alipiga simu kutoka Dubai, na Mama alikuwa anakata kitunguu, simu ameiweka kaunta, sauti wazi. Baba akatamka talaka kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza teksi. Mama akaendelea kukata. Kabla kitunguu hakijaisha, hakuwa tena mke wa mtu. Hakuna karatasi, hakuna mlango uliobamizwa. Mdomo tu, umbali wote ule.

Sasa anaambiwa aikane nchi yake kwa mdomo wake mwenyewe. Na sababu yake moja tu: raia ndiye anayeruhusiwa kumwombea mama yake aje kuishi naye huku. Bibi alikuwa Kibokoni, Mombasa, peke yake ghorofa ya pili, magoti yamekataa ngazi. Yaani ukane kwenu ndiyo umpate aliyebaki kwenu. Jamani!

Nikafanya ninachokijua. Nikatoa simu, nikalitafuta hilo neno.

"Mama, sikiliza hii! Zamani, miaka mia sita huko, *hereby* ilikuwa ni hapa karibu tu. Unamuuliza mtu mto uko wapi, anakujibu *hereby*, si mbali. Halafu likaanza kutumika kama 'kwa njia hii'. Halafu mawakili wakalichukua, wakalitia kwenye mikataba na wosia na hukumu, mpaka likawa hili la kusema na kuwa."

Mama akaichungulia simu. "Kumbe lilikuwa neno zuri," akasema. "Wamelifanya nini, maskini?"

Tukacheka. Lakini mkanda haukufunguka, na ilibaki robo tu kufika saa nne, saa ya kiapo.

Sisi watu wa pwani jambo kubwa halifanywi bila radhi ya mzazi. Kununua nyumba, kuoa, hata kupasuliwa hospitali. "Umemuomba Bibi radhi?" nikauliza.

"Nitamwambiaje? Mama, naenda kukukana?"

Nikapiga hapo hapo, kabla hajaninyang'anya simu. Bibi akatokea kwenye video, paji la uso peke yake kama kawaida yake, anajiandaa kwa swala ya magharibi, maana kwao jua lilikuwa linazama. Nikamweleza yote haraka haraka.

"Kwani anamkana nani?" Bibi akauliza.

"Mfalme yeyote, Bibi. Mtawala. Dola ya kigeni."

Paji la uso likakunjamana. "Mimi ni sultani?"

"Hapana, mama," Mama akajibu.

"Mimi ni dola?"

"Mama, na wewe..."

"Basi mimi simo humo."

"Mama, Shee alisema neno moja tu." Sauti ya Mama ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Moja tu, na ikawa."

Bibi akaisogeza simu karibu. Halafu akasema, "Shee alisema akiwa anatoka. Wewe unasema ili uje kunichukua. Usinichanganye na Shee, mwanangu. Radhi zangu unazo tangu ungali tumboni. Haya, shuka."

Mkanda ukalia *ta*.

Mle ndani nilikaa nyuma, nikaona mabega yake tu. Ukumbi mzima ukasema *I hereby*, ukasonga mbele kama treni. Mama akabaki. Nikashika kiti cha mbele yangu. Halafu nikamsikia, peke yake, amechelewa kidogo, akilitamka taratibu kama mtu anayevuka maji bila kuona chini. Kisha akawakimbilia wenzake.

Nje akampigia Bibi. "Nimesema, mama."

"Lote?"

"Lote."

"Haya. Nenda ukale."

Siku hizi Bibi analala Hopkins, kwenye chumba kilichokuwa changu, blanketi mbili magotini, anamgombeza mtangazaji wa hali ya hewa. Na Mama akiwa jikoni anakata vitunguu, kuna wakati mkono husimama tu, bila sababu.

"Mama?"

"Nipo."

Halafu kisu kinaendelea.