Sheria ya Watu Wote

Mlango wa kukagulia ulipiga kelele tena, na mlinzi akamwambia Nelli Harder avue kitambaa cha kichwani.

"Ni vibanio tu," Nelli alisema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Vibanio vya nywele."

"Vibanio, bunduki, mimi nitajuaje? Vua, mama. Unawachelewesha wenzako."

Wenzake kweli walikuwa wengi. Foleni ilitoka hadi nje kwenye baridi, wanawake wa Honduras na Haiti wamebeba watoto migongoni na vifuani, na hakuna hata mmoja aliyelalamika, maana kwenye jengo la mahakama ya uhamiaji mtu hujifunza mapema kumeza mate. Tangu siku alipoolewa Nelli hakuwahi kukaa kichwa wazi mbele ya mwanamume asiye mumewe. Alivua. Vibanio vikaanguka kwenye trei ya plastiki, nywele zikamwagika mabegani, na mlinzi hata hakuzitazama. Alimpungia mkono apite. Eduard, mumewe, aligeukia ukutani akajifanya anasoma tangazo la zimamoto.

Mtoto wao Silas alikuwa na miaka tisa. Aliviokota vibanio kimoja kimoja akampa mama yake.

"Kimoja kimepinda," alisema.

"Tutakinyoosha nyumbani," Nelli alimjibu.

Nyumbani kwao kwa sasa kulikuwa Missouri, kwenye nyumba ya mbao waliyopewa na chama cha wazazi wanaosomesha watoto wao wenyewe nyumbani. Chama ndicho kilichowaita kutoka Ujerumani, kikawalipia nauli, kikawapa na wakili, Bwana Whitcomb, mtu mcheshi, mwenye viatu vya kung'aa. Pale kwenye benchi la korido Bwana Whitcomb aliinama karibu na Nelli akamnong'oneza kama anayempa siri ya mapishi.

"Jibu ulichoulizwa, basi. Usichoulizwa kiache. Na jambo usilokuwa na hakika nalo, sema sijui. Hilo neno ni tamu sana mahakamani, Bi. Harder."

"Na nikiwa najua?"

"Ah, mama! Nani duniani anajua kitu kwa hakika?"

Eduard alicheka kidogo. Nelli hakucheka.

Wajue watu hawa, kwanza. Ni Wabaptisti wa Kijerumani waliorudi Ujerumani kutoka Kazakhstan, wakajaa huko mkoa wa Lippe na supu zao za borshti na familia zao kubwa. Bibi yake Nelli alinyang'anywa wanawe na serikali ya huko Kazakhstan kwa kosa la kuwafundisha sala. Aliwaona tena wakiwa na ndevu. Kwa hiyo kwenye ukoo huo mtoto hakabidhiwi ofisi kirahisi. Halafu wana tabia moja inayowaudhi mahakimu: hawaapi. Wanasema ndiyo yao ni ndiyo, inatosha, na kwa kuwa inatosha, basi uongo kwao ni haramu hata ule mdogo wa kumfurahisha mgeni.

Silas walimpata baada ya mimba kadhaa kuharibika, naye alianza shule ya Lippe kama watoto wote, begi mgongoni, mfuko wa peremende mkononi. Alikuwa na kigugumizi. Suruali zake alizishona mama yake, na zilionekana hivyo. Wenzake wakamgundua upesi. Walimfungia chooni, wakamtoa, wakamfungia tena. Mwalimu akasema wavulana ndivyo wanavyocheza. Baada ya Krismasi Silas aliacha kusema. Kwanza shuleni, halafu na nyumbani. Nelli akamtoa, akamkalisha kwenye meza ya jikoni, akaanza kumfundisha mwenyewe kusoma na kuhesabu.

Sasa, Ujerumani hilo haliruhusiwi. Hakuna cheti cha daktari wala maombi ya kanisa yanayokufungulia mlango. Faini ilikuja, na nyingine, na asubuhi moja wakaja askari wakambeba mtoto mikono na miguu mpaka kwenye gari la kumpeleka shule, na soksi zake tu, naye hakulia kwa sababu hata sauti ya kulia ilikuwa imeshamkauka. Nelli aliwekwa ndani siku chache. Alipotoka alikuta hakimu ameshaandika kwamba mamlaka juu ya mtoto yahamie Ofisi ya Ustawi wa Watoto, itakayomtafutia kituo cha kuishi. Wiki ile ile, kabla kituo hakijapatikana, walipanda ndege naye.

Missouri, mama anayesomesha mtoto wake jikoni hakuna anayemuuliza. Silas alikaa mwaka mzima kimya. Halafu siku moja mezani akasema, "Naomba siagi." Eduard aliinuka akatoka nje, akalia ghalani mpaka chakula kikapoa.

Kwa hiyo Nelli alipoingia kwa jaji alijua vizuri alichokuwa anakiomba. Hakuomba nchi. Aliomba Silas asirudishwe mikononi mwa Ustawi.

"Inua mkono wa kulia uape," alisema karani.

"Sisi hatuapi. Nitasema kweli tu."

Jaji Pruitt, mzee mwenye kikohozi, alimtazama juu ya miwani. "Haya. Aahidi hivyo hivyo."

Wakili wa serikali alikuwa msichana mpole, Bi. Castellano, sauti yake laini ya kulazia mtoto. Hakumgombeza Nelli hata mara moja. Alimpa pole kwa yaliyompata Silas, na alionekana kumaanisha. Kisha akauliza, na mkalimani akatafsiri:

"Bi. Harder, unamjua mtu yeyote asiye wa kanisa lenu aliyeadhibiwa kwa sheria hiyo hiyo?"

Bwana Whitcomb alikohoa. Alikohoa tena, kwa nguvu zaidi, mpaka jaji akamsogezea jagi la maji. Nelli aliliona lile neno tamu limekaa pale tayari, jepesi, halimdhuru mtu. Angelisema, na dakika ile ingepita.

"Namjua," alisema.

"Nani?"

"Bi. Aydın, jirani yangu wa chini. Mwislamu. Mwanawe alikuwa mtoro, wakamtoza mama faini. Hakuwa na cha kulipa, wakamfunga. Mimi nilikaa na watoto wake wadogo."

"Alifungwa gereza gani?"

"Lile lile nililofungwa mimi."

"Na mwingine?"

"Yuko fundi bomba, yeye Mungu hamtaki hata kumsikia. Binti yake alikuwa anaogopa darasa. Huyo walimchukua kabisa."

"Kwa hiyo serikali yenu haikuangalia dini ya mtu."

"Haikuangalia kitu."

"Haikuangalia kitu," Bi. Castellano alirudia polepole, ili karani aipate yote. "Na Austria, hapo jirani, wanaruhusu kusomesha nyumbani. Mlikuwa na haki ya kuhamia?"

"Tulikuwa nayo."

"Mbona hamkwenda?"

Nelli alimtazama Bwana Whitcomb. Alikuwa amefumba macho.

"Chama kilituambia tuje huku. Walisema kesi yetu itawafungulia wengi njia."

"Asante, mama. Sina swali lingine."

Jaji hakuhitaji muda. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Bi. Harder, nakuamini. Nataka ulisikie hilo. Wengi wanaoketi hapo siwaamini, wewe nakuamini kila neno. Lakini hifadhi nampa mtu anayeonewa kwa sababu ya dini yake, au kabila lake, au siasa yake. Wewe mwenyewe umeniambia serikali yenu haikukuchagua. Ile ni sheria ya watu wote. Mimi siwezi kusema taifa zima linaonewa na sheria yake."

"Mheshimiwa," Nelli alisema, na mkalimani akasita kabla ya kutafsiri, "mimi na Bi. Aydın tumepigwa kwa fimbo moja. Nani kati yetu hakuumia?"

Jaji alikohoa. Akavaa miwani.

"Ombi limekataliwa. Mnayo haki ya kukata rufaa."

Koridoni Bwana Whitcomb ucheshi wote ulikuwa umemtoka.

"Neno moja! Nilikuomba neno moja, mama! Yule binti alikuwa anavua samaki gizani, na wewe unamrukia mwenyewe kwenye kapu! Jirani, sijui fundi bomba, sijui Austria... Nani alikuuliza habari za chama?"

"Yeye aliniuliza."

"Rufaa tutaiandika, sawa. Lakini nisikufiche, wakubwa wangu wameshaona familia nyingine. Kesi safi zaidi."

"Basi twende hiyo Austria," Eduard alidakia. "Leo, hata kesho. Tutalala popote."

"Pasi zenu ziko Uhamiaji, bwana. Watawasafirisha kwenye nchi ya pasi yenu, siyo mnakotaka. Na hata mngefika Austria, amri ya hakimu wa kwenu juu ya mtoto inawafuata huko."

"Hukutuambia hilo tulipokuwa Lippe."

"Hamkuuliza," alisema Bwana Whitcomb, akatazama saa yake.

Njiani kurudi Eduard ndiye aliyeendesha gari. Silas alikuwa amelala kiti cha nyuma. Walipokaribia nyumbani ndipo Eduard alipofungua mdomo, akaongea lahaja ya Kijerumani ya wazee wao, ile ya mambo mazito.

"Kwa nini, Nelli?"

"Nilikuwa najua, Edi. Ningesemaje sijui?"

"Hata mimi nilikuwa najua! Ningesema sijui, nikapiga magoti usiku, nikatubu, yakaisha. Mungu angenisamehe. Huyu aliyelala hapo nyuma ndiye sijui kama atatusamehe."

Nelli aliona aibu, na aibu yenyewe ilimchanganya, maana tangu utotoni aliambiwa kwamba anayesema kweli haoni aibu. Alivitoa vile vibanio akavishika kiganjani mpaka vikamchoma.

Rufaa ilirudi na karatasi moja tu: imekataliwa. Chama kilituma kikapu cha matunda na ujumbe kwamba wanawaombea. Wiki chache baadaye Uhamiaji walifika Nelli akiwa anakanda unga wa mkate. Hawakuwa wakali. Walimruhusu anawe mikono. Mmoja alimsaidia Silas kufunga kamba za viatu, akamwambia ana bahati, yeye ndege hajapanda tangu awe mkubwa.

Angani Eduard alimwinamia mtoto. "Tukifika, wakikuuliza, wewe nyamaza. Unasikia? Usiseme hata jina lako."

"Ndiyo, Baba."

Frankfurt, Ujerumani, walitolewa kwenye ndege baada ya abiria wote. Mwisho wa njia ya kioo ya kutokea ndegeni walisimama askari wawili na mwanamke wa Ustawi, amevaa sweta ya kijani, uso wa mtu aliyelala vizuri. Alimpa Nelli mkono. Alimpa na Eduard, lakini Eduard hakuupokea. Alimsogelea mtoto, na askari mmoja akamshika kiwiko kana kwamba anamsaidia mgonjwa.

Mwanamke alichuchumaa. "Habari, Silas. Mimi naitwa Anke. Kuna chumba kizuri kinakusubiri, na wenzio wengi. Utaenda na mimi, eh?"

Silas alinyamaza. Alimshika mama yake sketi kwa mikono miwili.

Anke aliinuka, akamvuta Nelli pembeni, akasema chini kwa chini, mwanamke kwa mwanamke. "Bi. Harder, msaidie aondoke kwa utulivu. Akigoma itabidi wambebe. Mimi sipendi kabisa wanavyobeba, na wewe umeshaona. Tafadhali."

"Mtanirudishia lini?"

"Hilo ataamua hakimu. Msiwe na hofu, kwetu watoto wote wanatendewa sawa."

Askari wa pili alikuwa ameshavaa glavu. Nelli aliziona. Alirudi kwa mwanawe, akapiga magoti, akamfungua vidole kimoja baada ya kingine. Midomo ya mtoto ilitetemeka kwanza, neno likagoma, likagoma tena, halafu likatoka.

"M-mama. Na wewe unakuja?"

Eduard alimtazama mkewe. Kwa maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kumtazama hivyo.

"Nakuja, mwanangu," Nelli alisema. "Tangulia na huyu shangazi. Niko nyuma yako."

Silas alimwamini. Kwa nini asimwamini? Mama yake hakuwahi kumdanganya. Alimpa yule mwanamke mkono wake, wakaenda, na askari akavua glavu.

"Asante kwa ushirikiano," Anke alisema akigeuza kichwa, kwa moyo wote. Mlango wa kioo ukafunguka kwa kadi yake, ukafungwa nyuma yao.

Upande wa pili njia ilikuwa ndefu na nyeupe. Silas alikwenda hatua kadhaa akageuka. Akaenda tena, akageuka. Kila akigeuka alimtafuta mama yake. Nelli alikuwa amefika kwenye kioo na hapakuwa na pa kwenda zaidi. Basi akaanza kutembea pale pale aliposimama, mguu huu, mguu ule, akitikisa mikono kama mtu mwenye haraka, ili mtoto akigeuka amwone anakuja.

"Mama, tafadhali, simama," askari alimwambia.

Nelli aliendelea kutembea.